Breki kwanza, nguvu baadaye: Ufundi wa kuboresha magari ya kasi

SI JAMBO geni siku ya Jumamosi kuwakuta vijana wameizunguka Subaru Impreza iliyofunuliwa boneti kandokando ya Kirinyaga Road jijini Nairobi, eneo ambalo wengi wangali wanaliita Grogan kwa jina lake la kale. Mmoja anamulika tochi, mwingine ameshika spana, na wa tatu anabishana kuhusu bei ya vipuri. Gari lenyewe halijaharibika. Mwenyewe anataka liende kasi zaidi.

Uraibu huu una historia. Mbio za Safari Rally, zilizoanza mwaka wa 1953, ziliwafunza Wakenya wengi kupenda magari yenye nguvu. Mnamo 1994, Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa nne akiendesha Impreza. Colin McRae akashinda kwa gari la aina hiyo mwaka wa 1997, naye Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka wa 2000. Magari yaliyotumika Japan yalipozidi kuteremshwa bandarini Mombasa, mfanyakazi wa kawaida aliweza kumiliki gari lililofanana na lile alilolishangilia likipita katika wingu la vumbi.

Sababu nyingine ni ya kimaumbile. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi. Injini ya kawaida hupata hewa pungufu kwa karibu asilimia 18 ikilinganishwa na ilivyo Mombasa, na nguvu zake hupungua vivyo hivyo. Injini ya tabo haidhoofiki kwa kiasi hicho. Tabo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaoelekea kwenye ekzosi, nayo husukuma hewa kwa shinikizo hadi ndani ya silinda.

Hapo ndipo siri ya ufundi huu ilipo. Injini iwayo yote huzaa nguvu kulingana na hewa na mafuta inayoweza kuchoma. Injini ya EJ20 iliyo katika Impreza nyingi za tabo ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na ujazo wa sentimita 1,994 pekee. Ili kuizidishia nguvu, mpenzi wa magari huweka ekzosi pana, husafisha njia ya hewa, huongeza shinikizo la tabo, kisha hupanga upya kompyuta inayoiongoza injini.

Hata hivyo, wengi huangamizia injini katika hatua hiyo. Katika mwendo wa kawaida, gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Tabo inaposukuma kwa nguvu, petroli yapaswa kuzidi kiwango hicho ili ipoze silinda. Hewa ikiongezwa bila mafuta kuongezwa, joto hupanda na mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake. Mafundi husema injini "inagonga". Mgongano huo ukiendelea, pistoni hupasuka.

Isitoshe, Impreza nyingi za kasi ziliundwa kutumia petroli ya Japan ya kiwango cha okteni kipatacho 100. Petroli ya supa inayouzwa katika vituo vya Kenya iko chini ya kiwango hicho, na kadiri okteni inavyopungua ndivyo injini inavyogonga upesi. Kwa hivyo, gari kama hilo huwa karibu na ukingo hata kabla ya mtu kuligusa.

Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu hufuata utaratibu. Kwanza, gari hukarabatiwa. Shinikizo la kila silinda hupimwa, oili na plagi hubadilishwa, rejeta hukaguliwa. Mkanda wa taimingi usiojulikana umri wake hutupwa, kwa kuwa ukikatika injini ikinguruma, valvu hugongana na pistoni. Kuongeza nguvu katika injini chakavu ni sawa na kumbebesha mgonjwa gunia.

Pili, hushughulikiwa breki, magurudumu na shokomzoba. Kasi ya gari ikizidishwa mara mbili, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka mara nne. Gari lililosimama salama kutoka kilomita 80 kwa saa laweza kumponza dereva wake katika kilomita 160. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu, hivyo hupaswa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi.

Nguvu ndiyo huja mwisho, tena kwa kupima hatua kwa hatua. Baada ya mwendo mkali, dereva huiacha injini ingurume taratibu kwa dakika moja ili oili ipoze tabo.

Sheria nayo ina neno. Anayebadilisha injini au rangi ya gari hupaswa kuijulisha Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA) ili stakabadhi za usajili zirekebishwe. Kampuni ya bima isiyofahamishwa kuhusu mabadiliko yaweza kukataa kulipa fidia. Kasi ya juu ya gari la kibinafsi barabarani ni kilomita 110 kwa saa, na 50 mijini. Anayetaka kuvuka viwango hivyo mahali pake ni katika mashindano rasmi, yenye wasimamizi na madaktari.

Zaidi ya hayo, magari haya hayarudi tena. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililozidi umri wa miaka minane, ilhali Impreza za kizazi cha kwanza ziliundwa kati ya 1992 na 2000. Kila moja inayogongwa au kuunguzwa injini hupunguza idadi iliyosalia, na vipuri vyake huadimika. Anayeanza kwa breki huliokoa gari, na huenda akaokoa pia uhai wake na wa mpita njia asiyejua lolote kuhusu tabo.