Kalima, Mji Uliozaliwa na Bati

Mtu atokaye Tunda akitaka kwenda Kalima, kwanza hufika Kindu. Hapo huvuka Lualaba mpaka Alunguli, kisha hushika njia ya mashariki, kama kilomita 100. Ni njia ya msitu mkubwa, matope na vijito vingi. Nchi hiyo iko kati ya mto Elila na mto Ulindi, nayo ni nchi ya Warega. Hata msitu unapofunguka, msafiri huona mbele yake nyumba za kambi zilizopangwa kwa mistari. Msomaji mpenzi atauliza: ni nani aliyejenga mji namna hii, mbali na mto mkubwa na mbali na reli? Aliyeujenga ni bati.

Vitabu vya historia ya Maniema hupenda kukaa Nyangwe na Kasongo. Nyangwe ndiko David Livingstone alikoona watu wakiuawa sokoni, tarehe 15 Julai 1871. Kasongo ndiko Tippu Tip alikokuwa na nguvu, na mwaka 1893 majeshi ya Wabelgiji yaliiteka miji hiyo miwili. Mambo hayo ni makubwa, nami siyadharau. Lakini siku hizo mahali pa Kalima palikuwa vijiji vya Warega tu, na Warega hawakuwa na mfalme wala mji mkuu. Shauri lilikatwa na wazee wa koo, na juu ya yote lilikuwapo bwami, chama chenye ngazi nyingi. Mtu alipanda ngazi kwa mwenendo wake, kwa mali, na kwa msaada wa ndugu zake. Peke yake hakuweza. Zile sanamu ndogo za pembe za ndovu, ambazo leo watu hulipa kiingilio kuzitazama katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, zilikuwa vyombo vya kufundishia mafumbo ya bwami. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilikikataza chama hicho, lakini hakikufa.

Aliyefungua mlango wa nchi hiyo ni reli. Kampuni ya reli, CFL, ilianzishwa mwaka 1902. Kufikia 1911 treni ilikuwa ikienda toka Kindu hadi Kongolo, na mwaka 1915 njia nyingine ilifika ziwa Tanganyika. Kampuni hiyo haikupewa haki ya kupitisha treni tu. Ilipewa pia haki ya madini katika nchi kubwa sana, ambayo wenyewe hawakuulizwa. Basi mwaka 1932 ikaundwa kampuni ya bati, Symétain, na Kalima ikawa makao yake.

Jiwe la bati huitwa kasiteriti. Ni punje nyeusi au za rangi ya kahawia, zilizobomoka milimani zamani sana, zikachukuliwa na maji, zikalala chini ya changarawe mabondeni. Wafanyakazi waliondoa udongo wa juu, wakatupa changarawe ndani ya mifereji ya mbao, na maji ya nguvu yakapita juu yake. Mchanga ulichukuliwa, kasiteriti ikabaki, kwa sababu uzito wake ni karibu mara 7 ya maji, na mchanga wa kawaida haufiki hata mara 3.

Mwanzoni mwa 1942 Wajapani waliiteka Malaya, na bati ya huko ikawakatikia Waingereza na rafiki zao. Tangu hapo bati ya Kongo ikatakwa kwa haraka. Mwaka huohuo serikali iliongeza siku za kazi ya lazima vijijini kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Vita vilikuwa vya mbali, lakini vilifika hata kwa mtu wa kijijini asiyejua Malaya iko wapi.

Kambi zilikua. Pamoja na Warega wakaja Wakusu, Wasongola, Wazimba, na watu wa upande wa Kasongo na Kabambare, wakasemezana kwa Kiswahili chetu cha Kingwana. Watoto wao wakaanza kujiita watu wa Kalima. Maji ya Lutshurukuru yalitoa umeme. Tuseme kweli: wengi walipata kambini shule na dawa ambazo vijiji vyao havikuwa nazo. Lakini nyumba ilikuwa ya kampuni, taa ya kampuni, posho ya kampuni. Aliyefukuzwa kazini alifukuzwa na nyumbani.

Uhuru ulipatikana mwaka 1960, na mwaka 1964 Wasimba waliiteka Kindu kwa miezi michache. Mwaka 1976 kampuni kadhaa za Maniema na Kivu ziliunganishwa zikawa moja, Sominki. Kumbe pigo kubwa lilikuwa likingojea London. Mwezi wa Oktoba 1985 baraza la nchi zilizokuwa zikiitegemeza bei ya bati liliishiwa fedha, na bei ikaanguka vibaya. Sominki haikuinuka tena. Mwaka 1997 mahali pake palishikwa na Sakima, na mwaka uliofuata vita vikaifikia Maniema. Waliokuwa wafanyakazi wa Sominki waliendelea miaka mingi kudai malipo yao ya mwisho wa kazi, wakizeeka katika nyumba zilezile za kambi.

Watoto wao walishika sepetu wenyewe, bila mshahara na bila daktari wa kampuni. Tangu Septemba 2010 hadi Machi 2011 serikali ilikataza uchimbaji katika Maniema na Kivu zote mbili, ili kuwanyima fedha wenye bunduki. Shabaha ilikuwa njema. Ila mchimbaji wa Kalima, ambaye hakuwa na bunduki, alikaa miezi 6 bila njia nyingine ya kununua chumvi na kulipa shule.

Na jiwe ni la nani? Ukoo wa Kirega husema ardhi ni ya babu zao. Kampuni huonyesha karatasi yake. Mchimbaji huonyesha mikono yake. Katika hao watatu, nionavyo mimi, aliyesikilizwa siku zote ni mwenye karatasi.

Nao mfuko wa kasiteriti ni mdogo. Mgeni akiuona chini huinama auinue kwa mkono mmoja, na wenyeji humtazama wakicheka.