Beki Aliyekataa Kuwa Bosi

Doug Harvey alikuwa beki wa hoki ya barafu pale Montreal Canadiens, na sifa yake kubwa ilikuwa kutokuwa na haraka. Wenzake wakikimbia na kile kisahani cha raba kana kwamba wanafukuzwa, yeye alikaa nacho tu, akangoja mpinzani amkaribie, kisha akampasia mwenzake aliyebaki peke yake. Mwanzoni watu walidhani ni mvivu. Kufikia 1960 alikuwa na Kombe la Stanley mara 6.

Lakini kinachonivuta mimi kwake kilitokea nje ya uwanja. Mwaka wa 1957, yeye na Ted Lindsay wa Detroit walianzisha chama cha wachezaji wa NHL. Madai yao yalikuwa ya kawaida: kujua pesa za pensheni zinaendaje, na kupata sehemu ya mapato ya televisheni. Wenye timu hawakutaka hata kusikia. Lindsay akauzwa Chicago mwaka huohuo, na chama kikavunjika. Harvey aliuzwa 1961, akiwa ametoka tu kutwaa tuzo ya Norris, ya beki bora, kwa mara ya 6. Mwenyewe aliamini hiyo ilikuwa bei ya kile chama.

Timu yake mpya, New York Rangers, ikampa kazi mbili: acheze na awe kocha. Na aliziweza! Rangers walikuwa wamekosa mchujo misimu 3 mfululizo. Chini yake wakaingia, naye akabeba Norris ya 7. Halafu akaacha ukocha, akabaki mchezaji. Alitaka kukaa na vijana baada ya mechi, wapige stori na bia kama zamani, na kocha hawezi.

Ukisema uongozi ulimshinda, matokeo yanakukatalia. Yeyote aliyeona mtetezi wa wafanyakazi akipandishwa cheo anaijua ile hali: kesho yake akikaribia meza ya chakula, watu wananyamaza. Cheo kinaweza kumtenga mtu kuliko hata kufutwa kazi.

Hata hivyo, hizo bia hazikuwa mchezo. Pombe ilimharibia maisha, na ini ndilo lililomuua mwaka wa 1989.

Chama cha wachezaji kilisimama upya 1967. Harvey alikuwa na miaka 42, na bado alikuwa anacheza.