Kirangozi: Neno la Misafara kwa Chombo cha Kompyuta

Miongoni mwa istilahi ambazo bado hazijatulia ni ile ya chombo kinachopokea ujumbe kutoka mtandao mmoja wa kompyuta na kuupeleka katika mwingine. Wengine hukiita kipanganjia, wengine lango, na wengine hutohoa ruta. Sisi tunaona kwamba neno lifaalo lilikwisha kutumika katika njia ya misafara ya Tabora: kirangozi.

Katika karne ya 19, njia kuu ilitoka Bagamoyo mpaka Unyanyembe. Hapo iligawanyika, moja ikaelekea Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Kirangozi aliwatangulia wapagazi. Hakuitengeneza njia, alijua kituo kinachofuata, na penye njia panda alichagua pa kupita. Mwaka 1871 vita baina ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe viliifunga njia ya Ujiji. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliondoka Kwihara mwezi Septemba, akazunguka kwa kusini, akafika. Alimchukulia mfuko wa barua uliokuwa umekwama Unyanyembe. Lakini barua nyingi alizotuma Livingstone mwenyewe kutoka Ujiji mwaka 1869 hazikufika pwani. Kumbe njia ya kwenda na njia ya kurudi ni mambo mawili.

Na katika kompyuta ni vivyo hivyo. Kanuni ya kugawa mtandao mkubwa katika mitandao midogo ilitolewa mwaka 1985. Tuchukue mfano wa vyumba viwili vya kompyuta huko Ipuli, mjini Tabora. Kila chumba kina mtandao wake mdogo, na baina yao pana kirangozi kimoja chenye anwani mbili, moja kwa kila upande. Chumba cha kwanza kinatuma ujumbe wa majaribio, jibu haliji. Fundi aliyezoea neno lango atadhani kwamba limefungwa, naye atashinda akilikagua. Aliyefundishwa kirangozi atauliza kwa taratibu: Je, kompyuta inayotuma inajua mpaka wa mtandao wake, na inakijua kirangozi chake? Je, kirangozi kinajua kituo kinachofuata? Je, kompyuta inayopokea imepewa anwani ya kirangozi iliyo upande wake? Swali la mwisho ndilo husahauliwa. Huenda ujumbe umefika salama, na jibu ndilo lililokosa njia.

Wapo watakaosema kwamba neno hili ni kongwe, tena ni la mtu. Lakini anwani nayo ilikuwa ya barua kabla ya kupewa kazi katika kompyuta. Kuhusu ngeli, tutasema kirangozi huyu kwa mtu, na kirangozi hiki, virangozi hivi, kwa chombo.

Istilahi njema haitoshi kutaja kitu tu. Yapasa pia imwonyeshe fundi mahali pa kutafuta kasoro. Kwa sababu hiyo tunalipendekeza neno hili, na tunawaomba wasomaji, hasa mafundi, walipime kazini.