Mfalme Mkristo wa Mombasa

Katika mwaka 1614 Sultani Hasan bin Ahmed wa Mombasa, baada ya kuteta sana na jemadari wa Kireno aliyekaa Ngome ya Yesu, alikimbilia bara, na huko akauawa kwa njama za Wareno hao hao, kichwa chake kikapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno huko Bara Hindi. Mwanawe Yusuf, angali mtoto mdogo, alichukuliwa mji uo huo, akalelewa na mapadri wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, akafunzwa ubaharia na vita, akaozwa mke Mkristo, akavishwa nishani ya Daraja ya Kristo. Hata alipokomaa akarejeshwa Mombasa kukalia kiti cha babake, wakubwa wake wakitaraji kuwa raia watamfuata kanisani.

Lakini mtoto aliyefundishwa sala katika mji uliopokea kichwa cha babake, nani angethubutu kumdai ikhlasi? Dhahiri yake ilikuwa ya Kikristo, na batini yake haikufichika, kwani alionekana usiku akisali Kiislamu penye kaburi la babake. Habari zikamfikia jemadari, Pedro Leitão de Gamboa, naye akaazimia kumpeleka Goa akahukumiwe. Mfalme akamtangulia. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake kana kwamba amekuja kuamkia, akamchoma jemadari kwa jambia, na siku zilizofuata Wareno waliokimbilia nyumba ya mapadri wakauawa. Damu ile haina udhuru. Walakini kuirudia dini ya wazee wake, kwa rai yangu, kulikuwa na ukweli kuliko miaka yake yote ya Goa.

Walikuwako mjini Wakristo wengine ambao hakuna aliyewatia maanani: Waafrika, aghalabu wake na watumishi wa Wareno, watu wasio na nishani wala cheo, na ambao dini, kama ilivyomfikia mfalme, iliwafikia kwa mkono wa mwenye nguvu. Hao waliambiwa wasilimu wapone. Wapo waliokubali, wala mimi siwalaumu. Wapo waliopelekwa Makka kuuzwa. Na wapo waliokataa katakata, ilhali Mreno aliyewabatiza amekwisha kufa na hapana tena wa kuwalazimisha, wakauawa kwa neno ambalo jana yake lingeweza kudhaniwa kuwa ni la kumridhisha bwana tu. Mwaka uliofuata Kanisa la Goa liliandika ushuhuda wa mauti yao, kwa nia ya kuwahesabu miongoni mwa mashahidi wa dini.

Merikebu za Goa zilikuja mapema mwaka 1632, zikamzingira Yusuf zisimweze. Kisha mwenyewe akauhama mji, akawa haramia wa baharini, akafa Jidda mwaka 1638. Wareno wakarudi, na juu ya lango la ngome lingalipo jiwe lililochorwa sifa za jemadari Francisco de Seixas de Cabreira: jinsi alivyobomoa kuta za Pate na Siyu, alivyowaua wakuu wa Pemba, alivyowatoza watu kodi, na kwamba naye amevishwa nishani ya Kristo, pamoja na posho ya milreis 50 kila mwaka. Waliokataa kuritadi hawakutajwa hata kwa neno moja.