Ngano, soya na bwaki: nyama isiyotoka kwa ng'ombe

Sokoni Nyawera, komini ya Ibanda, nyama ya ng'ombe si chakula cha kila siku. Kwa familia iliyokimbia na mabegi mawili tu, ni cha sikukuu. Ule nini basi badala ya nyama? Swali hilo ni la zamani.

China, wamonaki wa Kibudha walilijibu kwa ngano. Unga unakandwa, unaachwa utulie, kisha donge linaoshwa mpaka wanga utoke na maji meupe. Inabaki gluteni, inayovutika kama mpira. Ukiichemsha katika mchuzi inatafunika kama nyama. Marekani, karibu mwaka 1900, daktari John Harvey Kellogg aliuza ya mikebe, gluteni na karanga, kwa jina la Protose.

Kivu njia hiyo haikushika. Ngano ililimwa kwenye baridi ya Lubero, lakini unga wa mikate ya Bukavu unatoka ng'ambo. Nani ataununua kwa dola halafu amwage sehemu kubwa na maji?

Hapa vita vilikuwa na bwaki. Bugali wa muhogo unashibisha, ila protini yake ni kidogo mno. Mtoto aliyeachishwa ziwa anavimba miguu na uso, nywele zinabadilika rangi. Bashi waliita bwaki. Madaktari wanasema kwashiorkor, jina ambalo Cicely Williams alilisikia Ghana ya leo na kulichapisha mwaka 1935. Watafiti wa Lwiro waliuchunguza ugonjwa huo wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1965 Bukavu ikapata Comité Anti-Bwaki, na jina hilo halikuhitaji kufafanuliwa kwa mama yeyote wa Kabare au Walungu.

Kilichoshika ni maharage, tangu zamani, na baadaye soya: maziwa yake, na uji wa masoso, yaani mahindi, mtama na soya. Hata kwa lishe soya inaishinda ngano, kwa sababu gluteni ina upungufu wa lizini, ambayo mtoto anaihitaji ili akue. Soya na maharage wanayo kwa wingi.

Lakini soya mbichi inazuia tumbo kuvunja protini. Ikaangwe au ichemshwe vizuri kabla ya kusagwa. Na mtoto ambaye ameshavimba, uji peke yake hautoshi: apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.