Badiliko dogo la mchoro lililoua watu 114

MAJENGO huporomoka kwa sababu nyingi: ardhi dhaifu, saruji hafifu au orofa kuongezwa bila idhini. Hata hivyo, mojawapo ya mikasa inayofunzwa sana katika vyuo vya uhandisi ilichangiwa na badiliko dogo la mchoro ambalo hakuna aliyelipigia hesabu.

Jioni ya Julai 17, 1981, umati ulikuwa umekusanyika kwa tafrija ya densi katika ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency, jijini Kansas City, Marekani. Hoteli hiyo ilikuwa imefunguliwa mwaka mmoja tu uliotangulia. Ghafla, vivukio viwili vilivyoning'inizwa darini juu ya ukumbi huo, kimoja cha orofa ya nne na kingine cha orofa ya pili, vilianguka pamoja. Watu 114 walifariki na zaidi ya 200 wakajeruhiwa.

Katika mchoro wa awali, fito za chuma zilitoka darini moja kwa moja hadi kivukio cha chini, na kila kivukio kiliegemea nati zake. Ili kurahisisha kazi, kila ufito uligawanywa: mmoja ukashikilia kivukio cha juu, wa pili ukaanzia kwenye kivukio hicho na kushikilia cha chini.

Zingatia mfano wa ndoo mbili. Zikifungwa kwenye kamba moja, kila moja kwa fundo lake, kila fundo hubeba ndoo moja. Ndoo ya pili ikifungwa chini ya ile ya kwanza, fundo la juu hubeba zote mbili. Ndivyo nati za kivukio cha juu zilivyotwikwa uzito maradufu, hadi zikapenya boriti.

Wachunguzi wa serikali walibaini kwamba hata mchoro wa awali ungehimili takriban asilimia 60 tu ya uzito uliotakiwa na kanuni za jiji. Wahandisi wawili walipokonywa leseni katika jimbo la Missouri.

Funzo ni kwamba mhandisi anayetia muhuri kwenye michoro huwajibikia kila kiungo, hata kile kilichochorwa na mwanakandarasi. Kwa hivyo, badiliko lolote katika mjengo, liwe la nondo au la nati, sharti lirudishwe kwake apige hesabu upya kabla ya kazi kuendelea.