Neno "Protokole": Jani la Kwanza

Hapa kwetu Manika, katika Kolwezi, ukifika kwenye arusi au sherehe kubwa, wa kwanza kukupokea ni "watu wa protokole". Ndio wanaokuonyesha kiti chako. Wengi wetu twadhani maana ya neno hili ni viti vya mbele kwa wakubwa. Sivyo lilivyoanza.

Asili yake ni Kigiriki: protos ni "wa kwanza", kolla ni "gundi". Zamani watu waliandika juu ya majani ya mafunjo yaliyounganishwa kwa gundi na kuvingirishwa kama mkeka. Jani la kwanza liliitwa protokollon. Juu yake liliandikwa jina la mkubwa aliyesimamia kazi hiyo. Katika karne ya 6 Kaizari Justinian aliwakataza waandishi wa hati wa Konstantinopoli wasilikate jani hilo, maana lilisaidia kuzijua hati za uongo. Kwa njia ya Kilatini na Kifaransa neno likafika Uingereza katika karne ya 16, likitaja hati ya mapatano. Maana ya adabu za wafalme na mabalozi ilikuja nyuma, kutoka kwa Wafaransa.

Neno ni la kigeni, lakini jambo lenyewe wazee wetu walikuwa nalo. Mwaka wa 1854 Livingstone aliwaona Walunda wa chifu Shinte wakipiga magoti mbele ya wakubwa na kujipaka mchanga mikononi na kifuani.

Hata hivyo utaratibu waweza kumsahau mwenye neno. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru wetu kule Léopoldville, utaratibu uliwapa nafasi ya kusema Mfalme Baudouin na Raisi Kasavubu. Lumumba, Waziri wa Kwanza, hakuandikiwa nafasi. Akasimama, akasema, na hotuba yake ndiyo inayokumbukwa zaidi.

Basi, protokole ilizaliwa ili kulinda ukweli. Kwenye kilio, mama aliyefiwa akisukumwa nyuma ili bwana mkubwa aliyekuja na motokari akae mbele, tumeshika jani la kwanza na kukitupa kitabu chenyewe. Ninyi mnaopewa kazi hiyo, kabla ya kupanga viti ulizeni kwanza: kilio hiki ni cha nani?